Dodoso

"Msiandike majina," alisema yule dada wa chuo
akigawa karatasi dawati kwa dawati.
"Tunataka tu kujua ninyi ni nani."
Kidato cha Pili B tukainamia penseli,
na nje, mawe ya Bugarika yakaendelea kubebana
kama siku zote, bila kuulizwa.

Swali la kwanza: Ninaridhika na sura yangu.
Nakubali sana. Nakubali. Sikubali. Sikubali kabisa.
Kioo cha kwetu ni cha pikipiki,
ndicho kilichobaki kaka alipoangukia Mabatini,
kimeshikizwa ukutani kwa misumari miwili.
Kinatosha jicho. Ukijinyoosha, kinatosha mdomo.
Miaka mitatu najitazama vipandevipande,
nzima sijawahi kujiona.
Nikaweka vema kwenye "Nakubali"
kwa niaba ya jicho la kushoto.

Swali la nne: Naweza kufanya mambo kama wenzangu.
Mambo gani?
Ndoo ya lita ishirini, kutoka bombani hadi kwetu juu,
ngazi mia na kumi na mbili za mawe,
simwagi hata maji ya kunawa.
Lakini Kidato cha Kwanza, wiki ya pili,
mwalimu aliuliza mmea unapataje chakula chake,
nikasimama na usanisinuru wote mdomoni,
umeiva, na jua lake, na maji yake, na ukijani wake.
Akasema, "Kwa Kiingereza."
Nikaumeza.
Tangu siku ile nakaa dirisha la tatu
na jibu limo tumboni, linajaribu kuota gizani.

Swali la tisa: Wenzangu wananipenda.
Wananiita Mnara.
Kwa sababu ya urefu, na ule mnara wa simu pale kilimani.
Aliyeanza ni Magesa, mtoto wa Ukara,
anakaa mbele yangu, mdomo hauna breki.
Nikipita: "Mnara, mtandao upo?"
Darasa hucheka. Nami hucheka kidogo,
kama mchuuzi wa mwaloni anayelipa ushuru
ili apite na ndoo yake.

Swali la kumi na saba lilikuwa fupi.
Wakati mwingine najiona sina maana.

Penseli zikanyamaza.
Kule chini feri ya Kamanga ilipiga honi, ikarudia.
Magesa alikuwa ameizungushia karatasi mkono
kama mtu anayekinga kiberiti kwenye upepo.
Akaweka vema. Akafuta.
Akaweka palepale. Akafuta kwa kidole, kwa mate,
mpaka karatasi ikatoboka
na mbao ya dawati ikachungulia.
Mabega yake, yale ya vichekesho, yalitulia mno.

Nikachukua ufutio wangu wenye alama za meno,
nikausukuma ukapita chini ya kiwiko chake.
Hakugeuka. Mkono ukaufunika.
Na mimi nikajibu la kwangu.
Nilijibuje, hilo ni langu.

Dada wa chuo alihesabu arobaini na tatu.
Akaifikia ile yenye tundu, akainyanyua,
mwanga wa dirisha la tatu ukapita katikati yake.
"Hii imeharibika," akasema, akaiweka pembeni.
Nilitaka kusimama. Neno nilikuwa nalo,
la Kiswahili, limeiva:
hiyo ndiyo iliyojibiwa.
Nikamwona Magesa anatazama viatu vyake.
Nikakaa.

Mchana, kwenye foleni ya makande,
ufutio ulirudi, umekwisha nusu,
ukatumbukizwa mfukoni mwangu na mtu asiyenitazama.
Kisha, sauti ileile, ila chini kidogo,
chini kiasi kwamba aliyecheka hakuwepo:
"Mnara. Mtandao upo?"
Nikahamisha sahani mkono wa pili.
"Upo," nikamwambia. "Ongea."